Kisu cha kukunja: tazama kiungo kabla ya makali

Nikitoa kisu mfukoni, watu huuliza swali moja tu: kinakata? Kwa kisu cha jikoni swali hilo linatosha. Kwa kisu cha kukunja halitoshi, kwa sababu makali ni kitu unachoweza kujitengenezea mwenyewe ukiwa na kinoo na subira. Kiungo, yaani pale bapa linaposhikana na mpini, huwezi. Kikitoka kiwandani kibovu utaishi nacho hivyo hivyo mpaka siku utakapokitupa au kitakapokukata.

Mimi ni bwana shamba upande wa Muheza, kwenye machungwa, na kisu hakinitoki mfukoni. Nabebeshea miche, nakatia kamba za katani kwenye magunia, nachongea vigingi vya kitalu, nafungulia pakiti za mbegu, na mchana namenyea chungwa baada ya kukiosha kwa sabuni (wanaotumia kisu kilekile kukatia pakiti za dawa wanielewe hapo). Kwa hiyo ushauri huu ni wa mtu wa shamba. Anayetaka kisu cha kuweka kabatini na kukipiga picha, asinisikilize sana.

Nianze na kazi inayoumbua kiungo kuliko zote, kubebesha, yaani kupandikiza jicho la chungwa (pale chipukizi linapotokea) kwenye mche wa mlimau. Unachanja gome la mche wa mlimau kwa umbo la herufi T, mche ukiwa na unene wa penseli hivi. Kisha unachukua kikonyo, yaani kijitawi cha mchungwa, na kukata jicho lake kwa mkato mmoja, kisu kikipita chini ya jicho bila kusimama, ili ubaki na kipande cha gome chembamba chenye jicho katikati. Kipande hicho unakisukuma ndani ya ule mchanjo na kukifunga kwa nailoni. Sasa jaribu kufanya hivyo na kisu kinachocheza kwenye kiungo hata kidogo. Mkono unakwenda huku, bapa linakwenda kule. Unachimba mti mno, au unapitisha juu juu na kuliua jicho. Kisu kinaweza kuwa kikali kama wembe na bado ukaharibu kikonyo kizima.

Dukani, kabla hujauliza bei, kikague. Kwanza kitazame kikiwa kimefungwa, ukikielekeza kwenye mwanga. Bapa linatakiwa likae katikati ya mpini, lisiegemee upande mmoja, na ncha iwe imezama kabisa. Utashangaa ni visu vingapi vinauzwa ncha ikiwa imechungulia nje kidogo. Hicho kitatoboa mfuko, kisha kitakutafuta wewe.

Halafu kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa vidole vya mkono mwingine, upande wa mgongo, ukitikise. Kuna kucheza kwa aina mbili na watu huzichanganya. Kucheza kushoto na kulia maana yake pini imelegea. Kama imefungwa kwa skrubu unaikaza, kama ni ribiti fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuigonga taratibu kwa nyundo ndogo ikakaza. Lakini bapa likicheza juu na chini wakati limefunguliwa, shida iko kwenye loki inayolishikilia lisijifunge, au springi yenyewe. Hiyo mrudishie mwenye duka na umtakie siku njema.

Hapo muuzaji atakuwa ameshaanza kukuita bosi na kukuonyesha boksi. Kizuri chajiuza. Boksi halikati kamba.

Jambo la tatu ni loki. Vidole vikiwa mbali na njia ya bapa, bonyeza mgongo wa kisu kwenye meza kana kwamba unataka kukifunga kwa nguvu. Kikikubali kufunga dukani, kitakufunga kazini. Visu visivyo na loki kabisa, vinavyoshikiliwa na springi ya mgongoni tu, vina hesabu yake tofauti. Hivyo vitakubali kufunga ukibonyeza, ndivyo vilivyoumbwa. Unachopima ni springi: kifungue polepole usikie inavyovuta, kisha kifunge uone bapa linavyorukia ndani lenyewe mwishoni. Springi iliyolegea utaijua tu.

Mimi sina ugomvi na kisu kisicho na loki. Kile kisu chekundu cha Uswisi, Victorinox, ambacho kampuni yake ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 na kisu chake cha ofisa kikasajiliwa mwaka 1897, bapa lake kubwa kwenye aina nyingi za mfukoni halina loki, na watu wanakitumia maisha yao yote. Kinakufundisha adabu: unakata kwa kuvuta, huchomi, husokoti. Mtu asiyeweza kujizuia kuchoma na kusokota anunue chenye loki, au bora zaidi anunue kisu kisichokunjwa na ala yake.

Kwenye loki ndiko kuna fujo. Loki ya mgongoni, ile ya kubonyeza sehemu juu ya mpini, ambayo Buck 110 ya Marekani iliitia umaarufu kuanzia mwaka 1964, ni imara kama imetengenezwa vizuri. Adui yake ni takataka za mfukoni. Uzi wa nguo na mchanga vikijaa kwenye kile kijitundu cha bapa ambamo jino la loki huzama, jino halizami lote, na wewe unadhani kisu kimejiloki kumbe kimeegesha. Safisha kwa kijiti. Ya pili ni ile ya kibati ndani ya mpini kinachoruka kando na kukaa nyuma ya kisigino cha bapa, yaani mwisho wake ulio kwenye mpini. Ikitengenezwa na mtu anayejua, nzuri. Ikitengenezwa kwa haraka, kibati kinakuwa chembamba na kinagusa kisigino pembeni tu. Tazama kwa macho yako kisu kikiwa wazi: kibati kishike kisigino sawasawa, kisiishie ukingoni, wala kisiwe kimevuka mpaka upande wa pili.

Rafiki yangu aliyerudi safari aliniletea zawadi kisu cheusi cha aina hiyo. Kilikuwa na meno nusu ya makali, kifungulio cha chupa, tochi kwenye kitako cha mpini na ncha ya kuvunjia kioo cha gari. Gari sina. Kilifunguka kwa kishindo, springi inakirusha mpaka watu wanageuka. Siku moja nachonga kigingi, kisu kikanasa kwenye mti, nikakizungusha kidogo kukinasua, kibati kikateleza na bapa likarudi. Kidole changu cha shahada kilikuwa juu ya mpini badala ya chini, ndiyo maana bado ninacho. Rangi yake nyeusi, kwa taarifa yako, ilibaki kwenye gome la mlimau.

Mzee mmoja wa kitaluni alikuwa ameshanisema kabla ya hapo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakitazama kile kisu nilichoshika, akasema, "Bwana shamba, hicho ni cha kukatia au cha kutishia?" Yeye alikuwa na kisu cha Okapi, bapa limenolewa miaka mingi mpaka limebaki jembamba na fupi kuliko lilivyozaliwa. Okapi ina historia yake hapa Afrika. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani, na sisi Tanganyika tulikuwa mojawapo. Siku hizi inatengenezwa Afrika Kusini. Utaijua kwa mpini wa mbao wenye mapambo ya mwezi na nyota, na kile kipete mgongoni. Ukikifungua kinalia krr-krr, jino kwa jino, na hakifungi mpaka uvute kipete. Ni ya bei ya chini na haijajipamba kwa ufundi. Kiungo chake unakiona chote kwa macho, hakuna kilichofichwa, na kikilegea unajua pa kugonga.

Unene wa bapa ndio malalamiko yangu ya pili, na hili naona viwanda vinafanya kwa makusudi ya kupendeza macho. Kisu chenye bapa la milimita 4 kinashikika kwa heshima dukani. Kipeleke kwenye embe bichi: hakikati, kinapasua. Linganisha na Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890 huko Savoie. Ile namba 8, yenye makali ya sentimita 8 na nusu, bapa lake halifiki hata milimita 2. Inapita kwenye tunda bila kulisukuma. Loki yake ni pete ya chuma inayozungushwa kwa vidole, iliyoongezwa mwaka 1955, na hadi leo sijaona loki rahisi kueleweka kuliko hiyo. Mtoto anaweza kukuambia kama pete imefungwa au la. Kasoro moja inahusu kisu chochote ambacho bapa lake limebanwa moja kwa moja na mbao: mbao ikinyonya maji huvimba, na masika bapa linaweza kung'ang'ania ndani. Ukipenda mpini wa mti, usikiloweke, na usikiache kwenye nyasi za umande.

Sasa chuma. Neno "stainless" lililogongwa kwenye bapa bila maelezo mengine halikuambii kitu zaidi ya kwamba hakitaota kutu haraka, kama ni kweli. Kiwanda kinachojiamini kinataja chuma chake. Wengine watakuambia tafuta chuma kigumu kuliko vyote. Mimi nasema angalia kinoo ulichonacho nyumbani. Visu vya Victorinox vina ugumu wa kama 56 kwa kipimo cha Rockwell, na wajuzi wa visu huvicheka kwamba ni laini. Lakini dakika chache kwenye kinoo cha kawaida cha pande mbili, kwa nyuzi 20 hivi kila upande, kimerudi. Vile vya gharama vyenye ugumu wa 60 na zaidi, vilivyochanganywa madini ya kuvifanya visilike haraka, kweli vinakaa na makali muda mrefu. Siku vikiwa butu, kinoo cha sokoni kinateleza juu yake tu, na jiwe la almasi la kuvinolea ni bei ya kisu kingine.

Chuma cha kaboni, kile kinachoshika kutu, kinanoleka vizuri mno na nakipenda. Ila ukikaa pwani na kazi yako ni machungwa, jua unachojitafutia. Juisi inakibadilisha kuwa kijivu siku ya kwanza. Kijivu hicho si kibaya, acha. Kibaya ni ile rangi ya kahawia inayoanzia ndani ya kiungo ambako kitambaa hakifiki. Fungua kisu, kioshe, kipulize, kikaushe juani dakika chache, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya kupikia usitie. Yanaganda yanakuwa gundi, na mchanga unashikamana nayo.

Kuna kitu kingine kidogo kinachonikera kuliko inavyostahili. Tazama makali yanapoishia, karibu na mpini. Kwenye visu vingi kuna kona nene pale kisiginoni ambayo kinoo hakiwezi kuifikia. Mwanzoni huioni. Baada ya kunoa na kunoa, sehemu ya mbele inapungua na ile kona inabaki, mwishowe kuna kibonde katikati ya makali na kisu hakigusi tena ubao wote. Dawa yake kiwandani ni kukata kijipengo mwisho wa makali, jambo la sekunde mbili, na wengi hawafanyi. Mimi kona hiyo naiondoa kwa tupa nyembamba siku ya kwanza kabisa.

Na wale wanaofunga kiungo kwa skrubu zenye tundu la pembe sita kisha hawaweki bisibisi yake kwenye boksi, sijui wanatufikiria nini. Kabla hujanunua chenye skrubu hizo, hakikisha kuna mtu mtaani kwako mwenye bisibisi inayoingia. Mafundi simu huwa nazo.

Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye begi la kupakia chini, la sivyo kitabaki uwanjani. Ndugu walioko Uingereza nao wajue kwamba kule kisu cha kukunja kinachoruhusiwa kutembea nacho bila sababu maalumu ni kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Maeneo mengine yana sheria zake, uliza kabla.

Ninachokitaka mimi bado sijakiona kwa bei ya mtu wa mshahara wa shamba: bapa jembamba la chuma kisichoota kutu, refu kama sentimita 8, halina meno, halina rangi, pete ya kuzungusha, mpini usionyonya maji wenye tundu la kupitishia kamba, kona ya kisigino iwe imeshakatwa, na kiungo cha ribiti nene ambayo naweza kuigonga mwenyewe. Kisiwe na tochi. Ukikiona popote, iwe Kariakoo au Mombasa, niambie duka lenyewe na bei waliyokutajia kabla hujaanza kuomba wapunguze.