Msomaji Anauliza: Nani alikuwepo na kamera?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Buguruni. Mwanangu yuko form two, kanionyesha kwenye simu picha ya galaksi eti ndivyo ilivyokuwa miaka bilioni 13 na ushee iliyopita, nikamwambia acha uongo, nani alikuwepo na kamera? Halafu hizo rangi mbona kama zimepakwa kwenye kompyuta? Naombeni mnisaidie maana mtoto hanielewi na mie simwelewi.

JIBU: Salama mama. Kamera haikuwepo, ni mwanga ndo ulikuwepo, na umefika juzi tu.

Chukua dagaa wa Kigoma unaonunua Kariakoo. Mpaka anaingia kwenye sufuria yako ana siku kadhaa tangu avuliwe, kwa hiyo habari anazokuletea ni za ziwa la siku ile, sio la leo asubuhi. Mwanga nao hivyohivyo, unakimbia kilomita laki 3 kwa sekunde na bado unachelewa. Wa jua una dakika 8 njiani, wa galaksi jirani yetu ya Andromeda (galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota) una miaka milioni 2.5, sasa endelea kurudi nyuma hivyohivyo mpaka ufike kwenye galaksi inaitwa JADES-GS-z14-0, darubini ya James Webb iliyoko angani ndo iliyoipima na ikatangazwa 2024, mwanga wake uliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka chini kidogo ya milioni 300. Leo ulimwengu una bilioni 13.8.

Ila huo mwanga haufiki kama ulivyotoka. Muda wote uko njiani anga lenyewe linatanuka, na mawimbi ya mwanga yanavutika nalo, ya galaksi hii yamerefuka kama mara 15, yani yametoka ni mwanga mkali wa nyota changa yamefika ni infraredi, jicho haliyaoni kabisa. Na infraredi unaijua mama, sema hujaambiwa jina lake. Usiku ukishamaliza kupika, mkaa umefunikwa na majivu, umeme umekatika, jiko hata hulioni, lakini ukisogeza kiganja unasikia joto linakupiga na hujagusa kitu. Kile kiganja chako kinachokisikia ndo Webb inachokiona.

Kwenye rangi umepatia, zimewekwa kwenye kompyuta. Lakini haziwekwi kwa kupenda mtu: mawimbi marefu yanapewa nyekundu, mafupi yanapewa bluu, ni kama wimbo umepigwa chini mno koo lako halifiki, unaupandisha ili uimbike, na wimbo ni uleule.

Na umri wanasayansi hawausomi kwenye picha. Wanautawanya mwanga kama upinde wa mvua, humo hidrojeni inaacha alama mahali panapojulikana, basi wanapima alama imesogea kiasi gani, ikisogea zaidi ndo mwanga umetoka zamani zaidi. Halafu 2025 watu wa darubini za redio za ALMA kule Chile wakaikuta oksijeni kwenye galaksi hiyohiyo, na mimi hapa ndo huwa naishiwa maneno, kwa sababu Mlipuko Mkuu, yani ule mwanzo wa ulimwengu, haukuacha oksijeni, oksijeni inapikwa ndani ya nyota na inatoka nyota ikifa. Maana yake ndani ya muda mfupi ule kuna nyota zilishazaliwa, zikaishi, zikafa. Oksijeni unayoipepea kwenye jiko lako kila alfajiri nayo ilipikwa hivyohivyo, ndani ya nyota.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, naishi Mbagala. Kwa nini hiyo darubini ya Webb wasingeiweka tu juu ya Kilimanjaro, wakaokoa hela za roketi?

JIBU: Kilimanjaro ina mita 5,895 lakini juu yake bado kuna hewa mdogo wangu. Mvuke wa maji uliomo hewani unameza infraredi nyingi, na hewa yenyewe ina joto kwa hiyo nayo inatoa infraredi yake, ni sawa na kutafuta kaa moja la moto ndani ya tanuri linalowaka. Ndo maana Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikaenda kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na mwavuli wa tabaka 5 wenye ukubwa kama uwanja wa tenisi, jua linaunguza upande mmoja, upande wa pili kioo cha mita 6.5 kilichopakwa dhahabu kinakaa kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri.

Ila kama unataka kuona mwanga wa zamani bila roketi, Januari hivi usiku usio na mwezi nenda upande wa Kimbiji ambako taa za mjini hazifiki, geukia kusini, utaona kama kawingu kadogo kasikosogea na upepo. Hiyo ni galaksi, inaitwa Wingu Kubwa la Magellan, mwanga utakaouona umetembea miaka kama 160,000. Usiwashe simu, yaache macho yazoee giza kwanza.