Nani atainunua karakana yangu?

SWALI: Ndugu mshauri, nina miaka 63 na karakana ya pampu za maji na jenereta katika mji mdogo, mbali na jiji. Watoto hawaitaki. Nimebandika tangazo la kuiuza tangu mwaka jana. Watu huuliza bei, hawarudi. Fundi wangu mkuu, niliyemfundisha mwenyewe, anaitaka ila hana fedha. Niuze mashine moja moja nifunge?
Mzee wa Spana

JIBU: Mzee wangu, mashine usiziguse bado. Vyombo vilivyotumika huenda kwa bei ya kutupa, na wateja wako hawamo ndani yake.

Hao wasiorudi hawakukimbia bei peke yake. Katika kazi yangu ya uhasibu nimekaa na wanunuzi wengi, na wote huuliza jambo moja: mzee akiondoka, wateja watabaki? Kwako nashuku simu ya kazi ni namba yako binafsi, bei ziko kichwani, na anayejua nani hulipa mwisho wa mwezi ni wewe tu. Hiyo haiuziki. Andaa hesabu za miaka 3, fedha za nyumbani zikiwa mbali na za karakana (ndiyo, hata mafuta ya gari la mama watoto). Biashara ndogo ya namna hii mara nyingi huuzwa kwa kiasi cha mara 2 au 3 ya kile inachomwachia mwenyewe kwa mwaka. Ukidai mara 8 kwa kuwa umeipigania tangu ujanani, mnunuzi halipii ujana.

Mnunuzi wako ni huyo fundi. Mji mdogo hauna foleni ya wanunuzi. Hana fedha mkononi, lakini karakana inaingiza, basi alipe kwa awamu kutokana na mapato yake. Atangulize kitu, hata kidogo, mradi kimuume. Asiyeweka chake huondoka kazi ikiwa ngumu. Mwanasheria aandike kwamba mashine ni zako hadi awamu ya mwisho, akikosa awamu ngapi unazichukua tena, madeni ya zamani ni ya nani, na ukifariki katikati awamu zilipwe kwa nani. Hilo la mwisho watu huona haya kulitaja, kisha warithi wanagombana na fundi.

Mwone pia mwenye jengo kabla ya kusaini chochote. Asipokubali kumpangisha fundi, umeuza vyuma tu.

Kaa naye miezi michache, umtambulishe kwa wateja wakubwa, kisha uondoke kweli. Wazee wanaokuja kila asubuhi “kusalimia tu” huishia kupanga bei.

Fundi akishindwa, mwendee anayekuuzia vipuri kabla ya kumtafuta dalali. Na tangazo hilo libandue leo: wateja wakilisoma mwaka mzima huanza kutafuta fundi kwingine.