Fundi wa Mtandao Anajibu

*Nina saiba Kongowea. Ikifika alasiri kompyuta tatu nne hukataa intaneti, nyengine zaendelea. Nikizima ruta na kuiwasha zinapona, kesho yake yale yale. Ruta imechoka?*

Ruta muonee huruma, ndugu yangu. Kaa kwenye kompyuta iliyogoma, fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig. Ukiona anwani, yaani namba ya mashine kwenye mtandao, inayoanza na 169.254, mashine hiyo imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yake yenyewe. Kwenye saiba, mimi hushuku kwanza simu za wateja. Ruta imewekwa igawe, tuseme, anwani 50, na kila moja hushikiliwa saa 24. Mtu kaja asubuhi kuchapisha barua, kaenda zake. Sasa yuko Nyali anakula mahamri na anwani yako bado imeandikwa jina la simu yake. Saa tisa ghala tupu. Punguza muda uwe saa 1, na wai-fai ya wateja uitenge na kompyuta za kazi.

Anwani ikiwa sawa na bado hamna kitu, piga ping, yaani amri ya kuita mashine nyengine uone kama itajibu, kwa mpango: kwanza ruta, kisha 8.8.8.8 (mashine ya Google), mwisho jina la tovuti yoyote. Inapokatika ndipo pa kutafuta. Namba ikijibu na jina lisijibu, waya ni mzima. Tatizo ni DNS, yule anayegeuza majina kuwa namba.

*Nyaya za intaneti za baharini zatua hapa kwetu. Mbona Mei 2024 tulikwama?*

Kutua Mombasa si kukomea Mombasa. Tarehe 12 mwezi huo zilikatika mbili, EASSy na SEACOM, huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. TEAMS, iliyofika 2009, yaenda upande mwengine, Fujairah huko Falme za Kiarabu. Kwa hiyo ukilipia kampuni mbili ili moja ikianguka nyengine ikubebe, waulize data yao yapita waya gani. Wakikujibu waya mmoja, umelipa mara mbili kwa kitu kimoja.

*Hesabu za duka langu Mji wa Kale nazinakili kila usiku kwenye diski iliyochomekwa kompyuta ile ile. Yatosha?*

Haitoshi, dada. Mwizi akibeba kompyuta atabeba na diski, na virusi vya kufunga mafaili kwa kudai fidia hufunga kila kilichochomekwa. Weka nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ilale nje ya jengo.

Halafu ifungue. Nilitunza seva ya ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Kila asubuhi alama ya kijani, nakala imekamilika, nami nakunywa chai yangu. Siku diski ilipokufa nikafungua nakala: mafaili yote yapo kwa majina, ukubwa sifuri. Tulikaa na karani wiki mbili tukiandika upya ankara kutoka kwenye karatasi, yeye akisoma, mimi nikibofya. Tangu hapo, kila Ijumaa narudisha faili moja na kulisoma kwa macho yangu.

*Shemeji aliyetufungia mtandao kahamia Malindi baada ya ugomvi. Nywila ya ruta ni ile ile. Nibadilishe?*

Leo. Kabla ya magharibi.