Sarafu za babu kwenye kopo: zipi uuze, zipi ubaki nazo

Nyumba nyingi hapa Unguja na Pemba ukifungua kabati la marehemu babu au bibi hukosi kopo la sarafu kongwe, na siku hizi watu wanataka kuziuza zote kwa mkupuo, mara ada ya skuli, mara bati linavuja. Simkatazi mtu, hata sie kwetu tumeuza nyingi. Ila kabla haijatoka hata moja warithi wote wakae waelewane, manake ile ni mali ya mirathi, si ya yule aliyeikuta kabatini.

Tena jamani msizisugue! Si kwa ndimu, si kwa majivu, wala ile dawa ya kung'arishia shaba. Ule ukahawia uliokoza kwenye shaba ya zamani ndo anaoutaka mnunuzi, ukishaumenya bei imeshuka na haurudi. Kama ina vumbi maji matupu yanatosha, halafu ikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua.

Sasa kwenye kuchagua, watu wengi hutazama ukubwa na mwaka, na hapo ndo wanapopotea. Chukua riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ni kubwa, nzito, imeandikwa 1780, basi mtu anajua kapata utajiri. Yule malkia alikufa mwaka huo na riale zake zikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, London, Roma mpaka Bombay, kwa iyo ziko tele duniani na bei yake kubwa ni ile madini ya fedha iliyomo, sarafu nzima ina gramu 28 hivi, na kwa kila sehemu elfu 833 ni fedha. Ukitaka hela anza na hizo, lakini zipime kwanza kwa sonara ujue uzito wake. Kwetu ipo moja ina kipete kimechomelewa juu, bibi alikuwa akiivaa shingoni na upande wa nyuma umelika mpaka maandishi hayasomeki vizuri. Kwa mnunuzi hiyo imeharibika, kwetu haiuzwi.

Rupia za Hindi nazo nauza zile zilizojirudia, gramu 11 na kitu na karibu yote fedha kwa zile za Victoria, Edward na za George wa tano. Shilingi za simba za Afrika Mashariki usichanganye, za kabla ya 1948 zina robo fedha, za kuanzia hapo hazina kabisa.

Pesa za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zenye picha ya mizani, za 1299 Hijria yaani 1882, nazo si adimu kama watu wanavyodhani, ukiwa nazo kumi bakisha mbili zinazosomeka vizuri. Ila ukikuta yenye mnazi ya 1908, ya sultani wa baadaye Sayyid Ali bin Hamud, senti 1 au 10 za shaba au 20 ya nikeli, hapo simama. Hizo ni chache kwelikweli na mie nasema usiiuze hata ukibanwa, uza riale tatu badala yake, manake riale utaipata tena kesho na ya mnazi huipati.

Zile za Nyerere za 1966, samaki, mbuni, sungura na mwenge, hazina bei ya maana, wekeeni watoto seti moja.

Na kama sarafu imeokotwa kwenye magofu ni habari nyengine. Mtambwe Mkuu kule Pemba mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na za dhahabu chache, na tumejua mengi ya wazee wetu kwa sababu hazikutawanywa madukani. Hizo peleka makumbusho.

Ukienda kuuza Mji Mkongwe usibebe kopo zima, chukua mbili tatu, piga picha pande zote mbili kabla hujatoka nyumbani na uliza maduka zaidi ya moja. Akikwambia "nipe zote nikupe bei ya jumla", rudi nazo nyumbani.