Nilimsaidia jirani, halafu nikamsimanga

Juzi nimepita sokoni nikamkuta baba mmoja anamfokea kijana wake wa kazi, "wewe leo unanijibu mimi, umesahau nilikokutoa?" na yule kijana hakusema kitu, kainamisha kichwa anaendelea kupanga mafungu ya nyanya, ila mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikashindwa kuondoka pale. Sio kwamba namjua, simjui, ila hiyo sentensi naijua vizuri sana kwa sababu nami niliwahi kuitoa mdomoni kwangu, na nimekaa nayo miaka minane sijawahi kuisimulia nje ya ule uwanja tuliokuwa tunaishi.

Tulikuwa tumepanga Mbagala, nyumba ya vyumba sita, uwanja mmoja, choo kimoja, LUKU moja ya umeme. Mimi na mume wangu na watoto tulikuwa vyumba viwili vya nyuma, chumba cha mbele alikuwepo dada mmoja mdogo kwangu kama miaka saba hivi na mwanae wa miaka mitano. Yeye mkristo, mtu wa Mbeya, mimi muislamu wa Tanga, na tuliishi vizuri tu, Idd nampelekea pilau, na Krismasi kuku wake alikuwa anamleta kwa mume wangu amchinjie ili na sisi tuweze kula. Hakuna aliyemwambia afanye hivo, alijiongeza mwenyewe.

Mumewe alikuwa dereva wa malori makubwa. Kuna safari alienda Lubumbashi, wiki ya kwanza hela ikaja, wiki ya pili ikaja kidogo, baada ya hapo simu ikawa haipatikani kabisa. Yule dada hakusema. Mimi nilijua kwa sababu jiko lake la mkaa lilikuwa halitoki nje, na kwenye nyumba ya kupanga jiko lisipotoka nje siku mbili kila mtu anajua kuna nini. Basi nikaanza kumpelekea chakula. Nilikuwa na bakuli langu la bati lenye maua ya kijani, limebanduka rangi kidogo pale ukingoni, namtia wali na maharage au ugali na dagaa, nafunika na sahani, namtuma binti yangu magharibi ikishaingia. Na pamoja na dhiki yote ile lile bakuli halikurudi tupu hata siku moja, maana kwetu sote chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, utakuta limau mbili, utakuta kifungu cha mchicha, siku moja nilikuta chumvi tu imefungwa kwenye karatasi. Chumvi jamani. Yaani alitafuta ndani kwake akakosa kitu chochote akaona angalau chumvi.

Mwisho wa mwezi kodi ikafika, akapungukiwa elfu 40. Nikampa. Nikamwambia "usijali mdogo wangu, hii sio deni, ni sadaka tu". Nililisema kwa mdomo, lakini moyoni kumbe kuna daftari nilikuwa naandika, siku kadhaa za chakula, elfu 40 za kodi, na panadol za mtoto, vyote nimeviandika na wala sikujua kama naandika.

Mumewe alirudi baada ya muda, maisha yao yakakaa sawa. Miezi kama mitano ikapita. Siku hiyo umeme ukakata saa mbili usiku, LUKU imeisha, na mimi ndo nilikuwa nakusanya michango ya umeme mwezi huo. Nikatoka uwanjani nikamwambia hajatoa elfu tano yake, akanijibu kwa upole tu, "dada mbona mimi mwezi uliopita nilitoa mara mbili, ulisema hii ya sasa imeshaingia". Wapangaji wote wako nje na tochi za simu. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nikaona ananivunjia heshima mbele za watu, ndo nikasema. "Wewe wa kunijibu mimi? Mwezi mzima nimekulisha wewe na mwanao, kodi nimekulipia, leo elfu tano inakufanya uniinulie mdomo?"

Uwanja ukanyamaza. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na hakuwa anajua habari ya kodi, mkewe alimsitiri hakumwambia, mimi ndo nimemwambia, usiku, mbele ya majirani. Mtoto wao akamuuliza mama yake "mama, anti amekasirika?" Yule dada hakunijibu neno, alimshika mwanae mkono wakaingia ndani.

Asubuhi nafungua mlango nakuta kizingitini kilo tano za mchele, kilo mbili za maharage, na juu yake lile bakuli langu la maua, limeoshwa linang'aa, tupu.

Na kuanzia wiki hiyo kila jumamosi alikuwa analeta elfu tano. Haongei sana, "dada shikamoo, naomba upokee hii". Nikikataa anaiacha juu ya ndoo. Wiki nane. Elfu 40 ikatimia na siku ya mwisho akasema "nadhani nimemaliza". Sadaka niliyoitoa nikinuia radhi za Mungu nimelipwa yote, taslimu, hapa hapa duniani. Na nilipokagua ile karatasi ya michango ya umeme nikakuta ni kweli, alitoa mara mbili, nilikosea mimi.

Mimi nimekulia chuoni, yaani madrasa, hizi aya nilizisoma tangu mtoto nikiwa sijui hata maana zake. Kwenye suratul Baqara kuanzia aya ya 261 Mwenyezi Mungu anafananisha sadaka na punje moja inayotoa mashuke saba na kila shuke punje mia, ukisoma hapo unafurahi. Ila endelea mbele. Aya ya 263 inasema kauli njema na kusamehe ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na maudhi, na ya 264 inatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango, inatoa mfano wa jabali lenye udongo juu yake, ukiliangalia unaona shamba, ikija mvua kubwa udongo wote unaondoka linabaki jiwe. Usiku ule mvua ilininyeshea mimi nikaona kilichokuwa chini. Na kuna hadithi ya Mtume aliyoipokea swahaba Abu Dharr, ipo kwenye kitabu cha Imam Muslim, inawataja watu watatu ambao Allah hatawasemesha siku ya kiyama, na mmoja wao ni msimangaji. Msimangaji sio mtu bahili asiyetoa, huyu ni mtu aliyetoa. Hilo ndo lilikuwa linanikosesha usingizi.

Sasa kuna mtu atasema, je kama uliyemsaidia kakukosea kweli? Maana mimi jirani yangu hakunikosea chochote, ila wapo wanaokosewa kweli, unamsomesha mtoto wa ndugu halafu anakutangaza vibaya ukoo mzima. Kwa hilo naomba usome kisa cha Abubakar, swahaba wa Mtume, na Mistah. Mistah alikuwa ndugu yake upande wa mama, masikini, Abubakar ndo alikuwa anamhudumia. Ulipozushwa uongo juu ya bibi Aisha, mke wa Mtume na mtoto wa Abubakar mwenyewe, Mistah akawa miongoni mwa walioueneza. Fikiria, mtu unamlisha na anaeneza habari kwamba binti yako ni mchafu. Abubakar akaapa hatampa tena kitu. Ikateremka aya ya 22 ya suratun Nur, wenye uwezo wasiape kuacha kuwapa jamaa zao na masikini, wasamehe na waachilie mbali, je hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe nyinyi? Abubakar akasema anapenda, akarudisha msaada kama mwanzo. Sijafika hata robo ya hapo lakini nikiona hasira inapanda najiuliza, mimi nina madhambi mangapi ambayo Mola hajanitajia mbele ya watu wenye tochi?

Kwa hiyo nakushauri kwa yale yaliyonikuta. Kabla hujatoa, amua moyoni kama ni mkopo au ni zawadi, na mwambie mwenzako ukweli. Kama ni mkopo sema "nakukopesha, utanilipa ukipata", hakuna ubaya wowote, mkopo hauna dhambi na unamwachia mtu heshima yake. Shida ni kutoa kwa jina la zawadi huku roho inasubiri malipo, kama sio ya hela basi ya unyenyekevu, kwamba huyu kuanzia leo hatanibishia, atanipisha kwenye foleni ya bomba, atacheka nikicheka. Jichunguze, ukiona mtu uliyemsaidia akikujibu kidogo tu inakuuma kuliko akikujibu mtu mwingine, ujue lile daftari lipo. Na kama unachotoa kinakuzidi uwezo toa kidogo, bora kibaba kisichokuuma kuliko gunia ambalo kila ukilikumbuka unajiona umeibiwa.

Na usimwambie shoga yako. Tunaanzia hapo wengi, "mwenzangu yule wa chumba cha mbele hali yake mbaya isingekuwa mimi..." ukishasema mara mbili tatu ulimi unazoea, siku ya ugomvi neno lipo tayari. Habari ya kuweka picha za watu wanapokea unga kwenye status siku za Ramadhani mimi naliona ni simango lile lile, limetangulia tu, maana mtoto wa yule mama anasoma shule na wenzake wana simu. Ndugu zetu wakristo nao wanalo hili kwenye Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia.

Kama umeshasimanga, kama mimi, hapa nikwambie nilivyokosea mara ya pili. Nilimfuata chumbani kwake, tuko wawili, nikamwomba msamaha, akasema "yameisha dada". Nikarudi nimeridhika. Bi mkubwa mwenye nyumba alipojua akaniita barazani akaniuliza, "mwanangu, ulimvunjia wapi?" Nikamwambia uwanjani. "Na radhi umeiombea wapi?" Nikanyamaza. Ilinichukua siku kumi, nisikudanganye, nilikuwa naona aibu, kila nikitoka nakuta watu wengi narudi ndani. Mpaka jumapili moja wanawake wote tunafua nikasimama nikasema, siku ile ya umeme mimi ndo nilikosea hesabu, hela alitoa, na yale maneno niliyomwambia hayakuwa haki yake, naomba anisamehe na shemeji pia anisamehe. Sauti ilinikauka. Yeye aliendelea kukamua nguo, machozi yanamtoka, hakusema kitu, na mimi sikumdai aseme. Msamaha nao usiugeuze deni.

Waliendelea kuishi pale kama mwaka mmoja, salamu zipo, ila hakuwahi kuniomba kitu. Hata kiberiti. Nilikuwa namwona anatoka kwenda dukani kununua kiberiti wakati mlango wangu uko hatua nne, na hiyo iliniumiza kuliko ile elfu 40. Kuna sura ya Maun, tunaisoma kila siku kwenye sala kwa kuwa ni fupi, aya saba tu, na mwisho inawataja wanaozuia maun, swahaba Ibn Masud akaeleza kuwa ni vile vitu watu wanavyoazimana, sufuria, shoka, ndoo. Mimi sikuvizuia kwa mkono. Nilivizuia kwa mdomo, nikamfanya mtu aogope kuviomba.

Baadae walihamia Chanika, wamejenga vyumba viwili. Mwaka jana mwezi wa nane simu ikaita, ni yeye. Tukasalimiana, watoto, kazi, afu akakaa kimya kidogo akasema "dada, jumamosi mwanangu ana kipaimara, nina wageni, naomba uniazime lile sufuria lako kubwa la pilau".

Sikumwambia atume mtu. Nililisugua kwa mchanga na jivu mpaka kucha zikaniuma, nikalifunga kwenye kanga, nikapanda nalo daladala mbili hadi Chanika nimelipakata, na ndani yake nikatia mchele.