Mashine ya mkate nyumbani: inunuliwe au iachwe dukani?

Swali

Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina mume na watoto watatu. Kila siku tunamaliza mkate mmoja wa dukani wa gramu 600, naununua shilingi 1,800. Unga wa ngano huku napata kwa 2,000 kilo moja. Kuna duka linauza mashine ya kuoka mkate kwa 280,000, na mdogo wangu aliye Muscat anasema huko zimejaa, anaweza kuniletea akija likizo. Kinachonitia wasiwasi ni jirani yangu. Anayo, na kila akioka mkate unaumuka vizuri kisha unabonyea katikati, sasa ameipandisha juu ya kabati. Je, niinunue? Umeme wetu unakatika, itahimili? Na je, naweza kukandia maandazi? Ninauza asubuhi, nakanda kilo tatu za unga. Jiko langu ni la gesi lenye oveni, ila oveni siitumii sana.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na maandazi maana jibu lake ni fupi: hapana. Mashine ya nyumbani inabeba gramu 500 za unga, kubwa kidogo inafika 600. Kilo tatu ni mizunguko mitano au sita, na kila mzunguko ni dakika 20 hadi 30 za kukanda. Mota yake ni ndogo, imetengenezwa kukanda mara moja kisha ipumzike saa tatu huku mkate ukiumuka na kuiva. Ukiifululiza asubuhi nzima itapata moto, fyuzi ya joto iliyomo ndani itakatika, na kuibadilisha ni kuifungua mashine nzima. Kwa biashara yako weka akiba ununue mikseri ya bekari yenye bakuli la lita 20. Itakanda kilo zako tatu kwa mpigo mmoja bila kulalamika.

Sasa tuje kwenye mkate wa nyumbani, na tupige hesabu kwa bei zako mwenyewe. Gramu 500 za unga ni shilingi 1,000. Hamira, sukari, mafuta na chumvi tuziwekee 300. Umeme watu huuogopa bure: kibati cha nyuma kinaweza kusema wati 600, lakini saa nyingi mashine inakanda au imekaa tu, na hita huwaka na kuzima. Mkate mmoja hauzidi nusu uniti, kwa hiyo hata ukiwa umetoka kwenye kundi la matumizi madogo ni chini ya shilingi 200. Jumla ni kama 1,480. Ukitoka mkate huo una gramu 770 hivi, kwa sababu sehemu ya maji hupotea kwa mvuke. Kwa bei ya dukani kwako, gramu 770 zingekugharimu 2,310. Umeokoa shilingi 830.

Gawa 280,000 kwa 830, unapata mikate kama 340. Mkila gramu 600 kila siku kama sasa, mkate wa gramu 770 unapita siku moja, kwa hiyo mashine itarudisha pesa yake baada ya miezi kumi na minne hivi. Ukioka mara mbili kwa wiki, ni zaidi ya miaka mitatu, na kufikia hapo sufuria yake itakuwa imeanza kubanduka ile rangi nyeusi ya ndani. Halafu kuna jambo ambalo hesabu hii hailioni: mkate wa moto una mlaji. Watoto watatu, blubendi inayeyuka juu ya kipande, usitegemee gramu 600 zitafika jioni. Kwa hiyo ukiniuliza kama mashine inaokoa pesa, nitakuambia inaokoa kidogo na polepole. Faida yake ni nyingine: inakukandia. Wewe unayeamka usiku kukanda kilo tatu kwa mikono unajua mabega yanavyosema.

Na kukanda ndiko kulikowashinda hata walioivumbua. Kampuni ya Matsushita ya Osaka, ambayo leo inaitwa Panasonic, ilipokuwa inaitengeneza mashine hii miaka ya 1980, mikate ya majaribio iliungua ganda huku ndani mbichi. Mmoja wa watengeneza programu wao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli ya Osaka International. Akagundua kwamba yule bwana hakuwa anauvuta unga tu, alikuwa anausokota pia. Wahandisi wakaongeza migongo, yaani matuta membamba, ndani ya sufuria ili unga ukwame kidogo na kujisokota unapozungushwa, na mashine ikaingia sokoni mwaka 1987. Ukifika dukani ingiza mkono ndani ya sufuria. Kama kuta ni laini tupu pande zote, hazina hata mgongo mmoja, iache hapo.

Mashine ya jirani yako huenda ni nzima. Mashine hizi haziuangalii mkate, zinaangalia saa. Programu ya kawaida ni ya saa tatu hadi nne: kukanda, kuumua, kuutoa unga hewa, kuumua tena, kisha kuoka. Muda huo umepangwa kwa jikoni lenye ubaridi, kama nyuzi 20 hivi. Mashine inaweza kuongeza joto jikoni kukiwa baridi, lakini haina uwezo wa kupunguza. Sasa Tanga mwezi wa pili, jiko la gesi linawaka pembeni, joto limepita nyuzi 30, na mota nayo inaongeza lake. Hamira inakimbia. Saa ya kuoka inapofika unga umeshapita kilele, utando wa gluteni, ule unaoshika hewa ndani ya unga, umevutwa hadi umechoka, hita inawaka na kichwa kinaanguka. Kitabu cha maelekezo kitakuambia uweke gramu 7 za hamira, na jirani anakitii.

Mwambie ajaribu hivi kabla hajaiuza. Unga gramu 500, maji ya friji gramu 300, sukari 20, mafuta 20, chumvi 9, na hamira ya chenga gramu 4 tu, ambazo ni kijiko cha chai kimoja na robo. Chumvi asiipunguze, maana ndiyo inayoishika hamira isiende mbio. Maji yatangulie, unga ufunike maji, chumvi na sukari pembeni, hamira kwenye kishimo juu ya unga mkavu. Kama bado unaporomoka, ashuke gramu 3 au achague programu ya haraka, ambayo kwetu pwani mara nyingi ndiyo inayoendana na joto. Na apime kwa mzani. Kikombe cha unga kinaweza kupishana gramu 30 kutegemea umekichota kwa kushindilia au kwa kunyunyizia, na maji ya ziada nayo huangusha kichwa cha mkate vilevile kama hamira.

Kuna dakika moja katika saa zote hizo ambayo ni yako. Baada ya dakika kama kumi za kukanda, fungua kifuniko, hakuna kitakachoharibika. Unga uwe umejikusanya donge moja, umeziacha kuta, chini umesafisha. Ugusie kidole: unate kidogo kisha ukiachie. Ukiona tope limelala chini na kile kipande cha kukandia kinazunguka peke yake, nyunyiza unga kijiko kimoja, subiri, tena kimoja. Ukiona donge gumu linagonga gonga kuta na mota inaguna, dondoshea maji kijiko kimoja. Kipindi cha masika unga wenyewe hunyonya unyevu ukiwa kabatini, kwa hiyo zuia vijiko viwili vya maji mwanzoni uone kwanza. Watu hununua mashine ili wasiuone unga kabisa, halafu wanashangaa.

Kuhusu unga, usinunue wa keki. Soma protini nyuma ya pakiti, kwa kila gramu 100 iwe 11 au zaidi. Ukitaka kuchanganya atta, anza na robo, kisha theluthi, na uongeze maji kidogo maana pumba zinakunywa. Tui la nazi linafaa sana, lakini badilisha nusu ya maji tu. Tui zito lina mafuta mengi, mkate utakuwa mfupi na mzito. Na ukiweka tui, maziwa au mayai usitumie taima ya kulaza vitu humo usiku kucha. Kwa joto letu vitachacha kabla ya alfajiri. Taima ni ya maji, unga na hamira tu.

Mkate wa kumimina wa mchele usiujaribu humo, ule ni uji na hauhitaji kukandwa. Lakini mahamri ya nyumbani, ya gramu 500, mashine inayaweza vizuri kwa programu ya kukanda na kuumua, kama saa moja na nusu. Unatoa unga, unasukuma, unakata, unakaanga. Mimi naona hii ndiyo programu yenye thamani kuliko zote, na wewe mwenye oveni ndiyo itakayokufaa zaidi. Ule mkate wa mashine una umbo la ndoo na tundu chini lililoachwa na kipande cha kukandia. Ukiukandia kwenye mashine kisha ukaupanga kwenye bati na kuuoka katika oveni ya gesi nyuzi 190, dakika 35 hadi 40, unapata mkate wa kweli wenye ganda. Gesi ya kuwashia oveni kwa mkate mmoja ni hasara, kwa hiyo siku hiyo oka na kitu kingine.

Umeme. Mashine nyingi nzuri zina kumbukumbu ya dakika chache, kama kumi hivi: umeme ukirudi ndani ya muda huo inaendelea ilipoishia. Ukizidi, inasahau kila kitu na kurudi mwanzo. Za bei ya chini nyingine hazina kumbukumbu kabisa, uliza kabla ya kulipa. Umeme ukikatika, chomoa plagi kwanza, maana unaporudi huja na kishindo na kinachokufa ni ile bodi ya vitufe. Kama friji yako ina kifaa cha kuilinda, mashine nayo itumie cha namna hiyo. Umekatika wakati wa kukanda? Acha unga humo, ukirudi anza upya. Umekatika unga ukiumuka? Usifunue. Hamira haitumii LUKU, inaendelea na kazi yake, na umeme ukirudi unachagua programu ya kuoka tu, dakika 50 hadi 60. Ukichelewa na unga umeshafika ukingoni, utoe, ondoa kipande cha kukandia, tia kwenye bati na uende oveni. Ukikatika katikati ya kuoka, acha kifuniko kimefungwa dakika kumi. Kama juu pameshashika, upindue kwenye trei umalizie kwenye gesi. Sufuria ya mashine usiiingize ovenini, chini ina sili ya mpira.

Hiyo sili ndiyo inayokufa mapema kuliko kitu kingine. Iko pale mhimili unapopita kwenye kitako cha sufuria. Watu huitumbukiza sufuria yote kwenye beseni la maji ya sabuni, beringi inapata kutu, sili inachoka, na siku moja maji yanachuruzika kwenye hita. Mimina maji ya uvuguvugu ndani tu, acha robo saa, futa kwa sponji. Mkate ukiganda usiuchokoe kwa kisu. Na mkate ukiiva utoe palepale, usiuache kwenye programu ya kuweka joto, mvuke utalilainisha ganda. Uweke juu ya waya upoe saa nzima kabla ya kukata. Hauna dawa ya kuzuia ukungu kama wa bekari kubwa, na kwa unyevu wa Tanga siku ya tatu utaona madoa. Usiutie kwenye friji, huko unakauka upesi zaidi. Kata vipande, tia kwenye friza, utoe unavyohitaji.

Basi kwa nyumba yako, ninyi mnaokula mkate kila siku, mimi ningesema chukua, na ningemwachia mdogo wako ailete. Oman wanatumia volti 240 na plagi ya pini tatu bapa kama yetu, utaichomeka ukutani bila transfoma. Ajihadhari na mashine zilizotumika za kutoka Japani au Marekani, zile ni volti 100 na 120, zikiguswa na umeme wetu zinaungua. Mwambie asome kibati: 220 hadi 240, hezi 50 au 50/60. Anunue aina ambayo duka lina sufuria ya akiba na kipande cha kukandia cha akiba, na avilete vyote viwili kwenye begi hilo hilo, maana huku Tanga sufuria ikitoboka utatafuta mpaka Dar es Salaam na usipate. Na wakati unamsubiri, nunua mzani wa kidijitali, uoke mkate mmoja au miwili kwa mkono katika hiyo oveni yako. Ukiona umeridhika nao, hiyo 280,000 ipeleke kwenye mikseri ya maandazi.