Mashua Zilizokwenda Kumtafuta

Mwezi uliopita nilidokeza katika ukurasa huu kwamba niliishi mji wa Guangzhou, China, miaka mitatu, marehemu mume wangu akinunua vigae na vyombo vya kuleta Mombasa, nami nikilea watoto ghorofa ya nne katika mtaa wa Xiaobei. Niligusia kidogo sikukuu ya Wachina ya mwezi wa tano wa kalenda yao, ile ya mashua za joka waiitayo Duanwu, nikapita. Barua zilizokuja zimenionyesha kuwa sikupaswa kupita. Nimechagua nne.

Bi mkubwa, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Shela. Nimesoma kwamba sikukuu hiyo inamkumbuka mtu aliyejitosa mtoni akafa. Sisi tumefundishwa uzito wa jambo hilo mbele ya Mungu. Nieleze bila kunificha: wanasherehekeaje kifo cha namna hiyo, nawe ulisimamaje pale ukatazama?

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeitanguliza kwa sababu swali hilo hilo nilishuka nalo mtoni mara ya kwanza, nikiwa nimejifunika buibui langu na moyo umefunga.

Mtu mwenyewe ni Qu Yuan. Alikuwa waziri katika ufalme wa Chu, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, tena mshairi. Alimwonya mfalme wake asiwaamini watu wa Qin, ufalme hasimu. Fitina ikamwingia barazani, akafukuzwa mjini. Mwaka 278 kabla ya Kristo majeshi ya Qin yaliuteka mji mkuu wa Chu, na habari ilipomfikia huko ugenini alijitosa katika Mto Miluo, katika jimbo liitwalo sasa Hunan. Sisi tuliolelewa kwa habari za Fumo Liyongo tunamjua mtu wa aina hiyo: mwenye ulimi wa shairi, aliyeogopwa na mtawala wake.

Lakini sikiliza wanavyosimulia kilichofuata, kwa maana sikukuu imekaa hapo. Watu wa kando ya mto walipopata habari waliziingia mashua zao mbio. Walipiga ngoma, wakayapiga maji kwa makafi ili samaki wasimguse. Wakatupa wali mtoni, samaki washibe huo wamwache yeye. Hawakumpata. Mwaka uliofuata, siku ile ile, wakatoka tena.

Mwalimu, wewe ni wa Shela. Unaujua mlango wa bahari pale wakati wa kusi, mawimbi yanavyosimama. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, mwezi wa Juni, ami yangu alipotoka na mashua ndogo kwenda kuvua nje ya Kizingo, yeye na vijana wawili. Vijana walirudi wakishikilia mlingoti. Siku nne mashua za Shela, za Langoni, mpaka za Matondoni zilikuwa zikitoka alfajiri na kurudi magharibi, na hakuna aliyelipwa hata senti. Mama zetu walipika wali wa sufuria kubwa pwani pale pale, kwa kuwa mtu aliyetoka kutafuta maiti haulizwi kama ana njaa, hupewa sahani mkononi. Siku ya tano wazee walisema basi. Ikasaliwa swala ya ghaibu. Binti yake, dada yangu wa ami, aliendelea kukaa kwenye ukuta wa gati kila alasiri mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama.

Sasa nikupeleke Guangzhou. Jirani yangu, mama mtu mzima niliyemwita Ayi, yaani mama mdogo, ndivyo vijana wanavyowaita wanawake wa makamo kule, alinichukua mpaka kijiji cha Liede, kilichokwisha kumezwa na majumba marefu lakini bado kina mfereji wake na mashua zake. Zile si mashua za mashindano za watu ishirini wa kupiga kafi, mpiga ngoma mmoja na mshika usukani. Hizo nazo zipo. Za vijiji vya kule ni ndefu mno, nyingine huchukua watu themanini, na baina yao wamo wazee wenye mvi. Na jambo lililonishika mimi mtoto wa fundi wa mashua ni hili: mwaka mzima mashua hizo hazionekani. Huzikwa kwenye tope chini ya maji, maana ubao wake ukikaa juani hupasuka. Mwezi wao wa nne wanaume hushuka kifuani majini, wakachota tope kwa mikono, wakaiinua mashua, wakaiosha, wakaivika kichwa cha joka. Sisi huihifadhi mashua kwa kuipaka sifa, yale mafuta ya samaki, juu, na deheni ya mafuta na chokaa chini. Wao huirudisha topeni. Baba yangu angekuwa hai ningempigia simu usiku ule ule kumweleza.

Ngoma ilipoanza, makafi yote yakaingia majini mara moja, nilisikia sauti ile ya maji yanayopigwa na machozi yakanitoka mbele za watu. Ayi akaniuliza nina nini. Nikamweleza ami yangu, kwa Kichina changu kibovu na mikono. Hakunipa pole. Alinihadithia habari ya msichana wa Shaoxing aitwaye Cao E, ambaye baba yake alizama mtoni siku hiyo hiyo ya mwezi wa tano, naye akamtafuta ukingoni siku nyingi akilia, mwisho akajitupa alikozama baba yake. Mto ule sasa unaitwa kwa jina lake. Kule Shaoxing humkumbuka yeye. Suzhou nao wana wao, Wu Zixu, waziri mwingine aliyeonya asisikizwe, na maiti yake ikatupwa mtoni. Wasomi wao wanasema siku yenyewe ya kujikinga na maradhi ya joto ni kongwe kuliko hao wote, hadithi za watu zikaja kuikalia baadaye. Mimi naona si ajabu. Kila mji wa maji una mtu wake ambaye mashua zilirudi bila yeye.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, sikuona mtu akisherehekea kifo. Hukumu ya aliyekufa iko kwa Mola wake, na sikuulizwa mimi. Nilichokiona ni watu wanaotoka kila mwaka kumtafuta mtu ambaye wanajua hawatampata, na wali umepikwa. Nilisimama, nikatazama mpaka mashua ya mwisho, nikamsomea ami yangu Fatiha.

Dada, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Malindi. Binti yangu wa kwanza anajifunza Kichina, mwalimu wao amewaonyesha picha za wali uliofungwa ndani ya majani. Sasa hanipi raha. Je, ni halali? Na naweza kuupika kwa vitu vyetu?

Unaitwa zongzi. Uhalali wake unategemea kilicho ndani, hivyo usikubali kula kabla ya kuuliza, hata ukipewa kwa upendo. Kusini kwao hutia nyama ya nguruwe yenye mafuta, pengine na kiini cha yai la bata lililolazwa kwenye chumvi. Kaskazini hutia tunda lao linalofanana na tende, au maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari. Uko pia usiotiwa kitu: mchele huchanganywa na maji ya magadi, ukaiva rangi ya manjano, ukachovywa kwenye sukari au asali. Ayi alinifungia huo kila mwaka, katika sufuria aliyoinunua kwa ajili yangu peke yangu. Kwa hilo peke yake nitamwombea heri maisha yangu yote.

Kupika, ndiyo, utaweza, ila usitumie pishori wala mchele wa biriani. Unatakiwa mchele wa kunata, ule mfupi mweupe kama chokaa. Mombasa na Nairobi unapatikana katika maduka ya vyakula vya Kiasia. Ukikosa huo, acha, pika kitu kingine. Chembe zisiponatana, ukifungua jani utamwagikiwa na wali wa kawaida na mtoto atalia.

Uloweke usiku kucha. Wao hutumia majani ya mianzi au ya matete. Wewe chukua jani la mgomba lisilochanika, toa uti, lipitishe juu ya moto mpaka libadilike rangi na kulainika, kisha likate vipande vya upana wa kiganja na nusu. Kunja kipande kama karatasi ya njugu za barabarani, chini pafungane kabisa. Tia mchele kijiko, weka tende moja isiyo na kokwa, funika kwa mchele, usijaze mpaka juu kwani utavimba. Kunja mdomo, ufunge kwa uzi wa pamba au kwa ukindu ulioloweshwa, ukaze lakini usiukabe. Vipange sufuriani, maji yafunike yote, vichemke polepole saa tatu. Maji yakipungua ongeza ya moto, kamwe si ya baridi. Ukishaepua, viache humo humo vipoe.

Najua utataka kutia tui. Mara ya kwanza nakuomba usitie. Acha binti yako aonje harufu ya jani ilivyoingia kwenye mchele, ndiyo ladha yenyewe. Na jani la mgomba halina harufu ya jani la mwanzi, mwambie hivyo akajivunie mbele ya mwalimu wake kwamba huu ni wa Malindi. Wazee nyumbani wapewe kimoja tu, na kiwe mchana. Chakula hiki ni kizito tumboni.

Bibi, huku Siyu tunasikia kwamba mababu zetu wengine walikuwa mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi. Sikukuu hii si ndiyo waliyotuletea, ikageuka mashindano yetu ya mashua?

Hapana, mwanangu, nisingependa uamini hivyo. Safari za Zheng He, mkuu wa merikebu za mfalme wa China, zilikuwa kati ya mwaka 1405 na 1433, na ujumbe wa Malindi ulifikisha twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415. Sarafu ya enzi hiyo imefukuliwa Mambrui, nyingine kisiwani Manda. Sahani zao mmezijengea makaburini na kwenye kuta. Habari ya jahazi lililovunjika ni yenu na mna haki ya kuisimulia. Ila mashindano yetu ni ya tanga na upepo, nahodha akisoma mkondo. Yao ni ya kafi na ngoma, na hayana tanga. Kila kimoja kina mama yake.

Mama, shikamoo. Nafanya kazi bandarini, nyumbani ni Mokowe. Mwenzangu mmoja ni mama wa Kichina, ametusaidia sana, na mwaka huu hataweza kwenda kwao. Nataka kumwalika aje Amu, yaani Lamu, siku hiyo. Ni lini, nimwambie nini, na nimpe nini?

Marahaba, baba, umefanya la utu. Siku ni ya tano ya mwezi wa tano katika kalenda yao. Nao huhesabu kwa mwezi kama sisi, lakini katika kila miaka 19 huongeza miezi saba ya ziada, ndiyo maana haizunguki misimu kama Idi zetu. Huwa ndani ya kusi daima. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 31 Mei. Mwaka huu wa 2026 ni tarehe 19 Juni, siku ya Ijumaa. Kwao imekuwa siku ya mapumziko ya taifa tangu 2008, na 2009 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi, kama mji wetu wa Lamu ulivyoandikwa katika orodha yake nyingine mwaka 2001.

Mwambie: Duanwu ankang. Maana yake ni amani na afya katika siku hii. Wako wanaotakiana furaha, lakini Ayi hakulipenda neno hilo kwa siku hii. Kwa wazee wao mwezi wa tano ulikuwa mwezi wa hatari: joto, unyevu, na wale watano wenye sumu, yaani nyoka, tandu, nge, mjusi na chura. Ndipo wakatundika mlangoni shada la majani yenye harufu kali. Moja ni jamaa ya pakanga yetu, jingine lina majani marefu kama panga. Watoto hufungwa mkononi nyuzi za rangi tano. Zamani walikunywa pia mvinyo uliotiwa unga wa jiwe la rangi ya chungwa lenye sumu. Hilo sikulikaribia na wengi wao wameliacha.

Na watu huvaa kifuko kidogo cha hariri chenye majani ya kunukia. Hapo ndipo penye zawadi yako. Mwombe mama yako amsukie kikuba: asumini, rihani, na mkadi akiupata. Mtu aliyezoea kuvikwa kifuko kile na mama yake hutahitaji kumweleza kitu.

Mvushe asubuhi na mapema kwa boti, maana kusi hukaza adhuhuri na mgeni ataloa. Asumini zichumwe jioni ya Alhamisi zikiwa bado vipumba, zilale ndani ya jani bichi la mgomba, zisiwekwe kwenye friji.